Vitu vitatu tu kwenye mtumbwi

Saa kumi jioni ya Jumamosi, kwenye kibaraza cha nyumba moja ya kupanga huko Mabatini, jijini Mwanza, watoto watano wanagombania kamba.

Kamba yenyewe haipo. Imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la sabuni, ukubwa wake kama karata. Lakini ukiwasikiliza wanavyobishana utadhani kuna mtu anazama.

"Kamba ukibeba wewe, kopo la kutolea maji anabeba nani?" anauliza binti wa miaka 12.

"Si ubebe wewe."

"Mimi nimeshajaza. Karabai, sufuria, panga. Vitatu."

"Basi mtumbwi ukiingia maji tutatoa kwa mikono."

Wananyamaza. Mjomba wao, kijana wa chuo mwenye daftari mapajani, hasemi neno. Anasubiri wakubaliane ndipo mtumbwi uondoke Mwanza kuelekea Ukerewe.

Mama wa nyumba hiyo, muuza dagaa wa rejareja, yuko hatua chache kutoka hapo akipepeta dagaa kwenye ungo. Mikono iko kazini ila macho yako kwa mtoto wake wa pili, mvulana wa miaka tisa aliyeegemea ukuta akiwa amevaa sweta wakati wenzake wote wako na fulana. Mwaka jana tu, saa kama hii mtoto huyo angekuwa ndani, kidevu kimewekwa dirishani, akitazama wenzake wakicheza chandimu kwenye uwazi ulio upande wa Mto Mirongo.

Mtoto huyo ana selimundu.

Makatazo ya mtu mmoja

Aligundulika akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Viganja na nyayo zilivimba, akawa analia kila akiguswa. Bibi yake alidhani amedondoka mikononi mwa aliyekuwa akimlea na watu wanaficha. Vipimo vya damu vikatoa jibu jingine.

Kwa mzazi ambaye neno hilo ni geni kwake: mtoto mwenye selimundu huzaliwa na chembe nyekundu za damu ambazo hubadilika umbo na kujipinda kama mundu. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti vizuri, na hapo ndipo maumivu makali huanza, mara nyingi kwenye mifupa ya miguu, mikono, mgongo au kifua. Mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe hawajawahi kuugua. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini Tanzania, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa. Utafiti wa upimaji wa vichanga Kaskazini Magharibi mwa nchi, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba chake, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe.

Kliniki mama huyo alielezwa mambo yanayoamsha maumivu: baridi, kupungukiwa maji mwilini, uchovu mkubwa, homa. Akarudi nyumbani na kuyageuza kuwa sheria. Usikimbie. Usinyeshewe. Usiingie ziwani. Usikae juani. Usibebe ndoo. Baadhi ya makatazo hayo aliambiwa na wataalamu, mengine aliyaongeza mwenyewe kwa woga, na hakuna mzazi aliyewahi kukesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa atakayemlaumu.

Ila makatazo yote hayo yalimhusu mtoto mmoja. Dada yake akinyeshewa anabadilisha gauni, yameisha. Yeye akinyeshewa ni kesi ya nyumba nzima. Akiwa na miaka saba alikuwa ameshajifunza hesabu yake mwenyewe: kila akisema "Mama, naumwa", kesho yake anaongezewa katazo. Siku akilalamika miguu baada ya kutoka shule, wiki hiyo haruhusiwi hata kwenda dukani. Kwa hiyo akaacha kusema.

"Alikuwa anauma mto usiku," anasema mama yake. "Asubuhi natandika kitanda, naukuta mto umelowa mate na foronya imetoboka. Namuuliza, ananiambia panya."

Hilo ndilo lililomnyima mama usingizi kuliko maumivu yenyewe. Maumivu yana dawa na yana maji ya kunywa. Mtoto anayeficha unaanzia wapi?

Mchezo wa Mjomba

Mdogo wake mama huyo anasoma chuo kikuu hapohapo Mwanza. Huko bwenini yeye na wenzake wanne walikuwa na tabia ambayo dada yake aliiona ya ajabu kwa watu wazima: kila Ijumaa usiku wanakaa kuzunguka meza, mmoja anasimulia hadithi, wengine wanajifanya wahusika wa hadithi hiyo, na dadu ndilo linaloamua kama mtu amefanikiwa kuruka ukuta au ameanguka.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na ndio uliozaa michezo ya aina hiyo inayochezwa leo duniani. Hauna mshindi kama drafti. Kundi linasafiri pamoja ndani ya hadithi, na hadithi moja inaweza kuchukua miezi, wiki hadi wiki, kila mmoja akiwa na karatasi inayoonyesha mhusika wake ni nani, anaweza nini na amebeba nini.

Hapo kwenye "amebeba nini" pana jambo ambalo mtu asiyecheza hawezi kulitegemea. Upo utaratibu wa mchezo huo unaoitwa Adventurers League, ulioanza mwaka 2014, ambamo watu wa miji tofauti hucheza kwa kanuni moja, kiasi kwamba mtu anaweza kusafiri na mhusika wake akakaa kwenye meza ya watu asiowajua na mchezo ukaendelea. Ungedhani mchezo wa kufikirika, usiogharimu chochote kubeba upanga wa dhahabu, ungeruhusu kila mtu abebe anachotaka. Badala yake mchezaji alianza na vifaa vile tu ambavyo kazi na asili ya mhusika wake inampa. Na kwa miaka kadhaa kulikuwa na kanuni kwamba mhusika anatengenezwa kwa kitabu kikuu cha mchezo pamoja na kitabu kingine kimoja tu, hata kama mchezaji ana rafu nzima ya vitabu nyumbani.

Wapo walionung'unika, na si vigumu kuwaelewa, maana walikuwa wamevinunua vitabu hivyo. Lakini mgeni aliyekuja siku ya kwanza na kitabu cha kuazima alikaa meza moja na mkongwe bila kuonekana mnyonge. Na anayeongoza hadithi alijua kilichomo kwenye mikoba ya watu, hivyo aliweza kuwatungia shida inayowatosha.

Mjomba alikuwa anayajua hayo yote. Alipoamua kuwatengenezea wapwa zake mchezo wao, akafanya kinyume.

Vitu sitini

Likizo ilipoanza, alikaa siku mbili akiandika vifaa 60 kwenye karatasi za kalenda ya zamani. Safari ilikuwa ya wafanyabiashara watano wanaopeleka chumvi na vitenge visiwani: kutoka Mwanza, kupita karibu na kisiwa cha Saanane, kwenda Nansio kule Ukerewe, na kumalizia Ukara kwenye jiwe maarufu linalocheza. Watoto wangechagua chochote na kiasi chochote. Alitaka wafurahi.

Jumamosi ya kwanza walitumia saa mbili kuchagua. Mtoto wa jirani, ambaye baba yake huleta zawadi kila akitoka Dar es Salaam na anayejua majina ya silaha zote za kwenye katuni, alibeba bunduki, injini mbili, darubini, simu, jenereta na friji. Dada mtu akaandika vitu 23. Mdogo kuliko wote, wa miaka sita, alilia kwa sababu hakuweza kusoma karatasi yote na aliogopa kwamba vizuri vimeisha. Mtoto mwenye selimundu aliandika vitu viwili, akaacha.

Mtumbwi ulipoondoka hakukuwa na safari. Wimbi likija, kuna injini. Giza likiingia, kuna jenereta. Kiboko akitokea, mtoto wa jirani anapiga bunduki kabla Mjomba hajamaliza sentensi. Kufika Saanane, ambapo ukiwa ufukweni Mwanza unapaona kwa macho, watoto wawili walikuwa wameshahamia kwenye tairi la baiskeli.

Mzee mmoja wa nyumba ya pili, mcheza bao wa siku nyingi, alicheka sana aliposimuliwa. Alimwita Mjomba, akamwonyesha ubao wake. Bao lina kete 64. Kila mchezaji ana 32, na katika bao la Kiswahili anaanza akiwa na 22 akibani ambazo anaziingiza mchezoni moja moja. Ukila kete za mwenzako unazisambaza upande wako, hazitoki ubaoni. Mzee akauliza, "Sasa wewe ungenipa kete mia tatu, mimi ningefikiri nini hapo?"

Kumi na mbili

Mjomba alirudi na mkasi na boksi la sabuni. Safari hii vifaa vilikuwa 12: kamba, kopo la kutolea maji, karabai, kiberiti, panga, wavu, dumu la maji, blanketi, sufuria, unga, kasia la akiba na firimbi. Kila kifaa kipande kimoja tu. Kila mtoto anabeba visivyozidi vitatu. Mkishaondoka hakuna kubadilisha mpaka safari iishe, na safari ni Jumamosi nne au tano.

Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu la ludo: nne kwenda juu umefaulu. Ukiwa na kifaa kinachofaa unarusha mara mbili na kuchukua iliyo nzuri. Kanuni zimeishia hapo. Moja aliiongeza kwa makusudi: hakuna anayekufa. Mwanza watu wazima wanaikumbuka MV Bukoba ya Mei 1996 na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na hakutaka kuona jirani yeyote akisikia watoto wakicheza vifo vya ziwani. Mtumbwi ukishindwa, unarudi kituo cha nyuma.

Vifaa 12 kwa watoto watano wenye nafasi 15. Yaani kuna anayebaki na nafasi tupu, na hakuna anayejitosheleza. Mwenye karabai hana kiberiti. Mwenye sufuria hana unga. Kumbuka dada mtu na yule mtoto wa jirani walikuwa hawasemeshani tangu mwezi uliopita kwa ajili ya rede. Jumamosi ya pili giza liliingia wakiwa katikati ya maji, karabai ikiwa kwa binti na kiberiti kwa mvulana. Mjomba alisimulia upepo, akasimulia sauti ya kitu kikubwa kinachozama na kuibuka karibu na mtumbwi, halafu akanyamaza. Dakika mbili nzima hakuna aliyezungumza.

"Haya, washa," alisema binti, akitazama pembeni.

"Sema naomba."

"Naomba uwashe, kiboko atakula na wewe."

Mtoto mwenye selimundu ndiye aliyewashangaza kwa alichobeba. Alipopata zamu ya kuchagua, kamba, panga na kasia vilikuwa bado vipo. Akachukua dumu la maji, blanketi na firimbi. Wenzake wakamcheka. Maji tumezungukwa nayo, alisema mmoja. Blanketi unaenda kulala?

Hakujibu. Jumamosi ile ya giza, walipotoka kwenye mawimbi, Mjomba aliwaambia nguo zimelowa na mdogo wao anatetemeka. Dadu lilikuwa limetoa mbili. Wakageuka wote kumwangalia mwenye blanketi.

Mama yake, aliyekuwa anapepeta dagaa, anasema aliacha ungo akaingia ndani kwa sababu machozi yalimtoka na hakutaka waulize. Mwanawe anajua baridi kuliko mtu yeyote pale kibarazani, na kwa mara ya kwanza ujuzi huo ulikuwa na kazi.

Kichache kinavyofanya kazi

Wataalamu wa makuzi wamelitazama jambo hili kwa njia yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwaweka watoto wadogo 36 wa kati ya miezi 18 na 30 kwenye chumba chenye vifaa vinne vya kuchezea, kisha siku nyingine chenye vifaa 16. Kwenye vinne, watoto walikaa na kila kifaa muda mrefu zaidi na wakakitumia kwa namna nyingi zaidi. Utafiti ni mdogo na unahusu watoto wachanga kuliko hawa wa Mabatini, hivyo usitumike kama fimbo ya kumchapia mzazi aliyenunua gari la plastiki. Lakini mtu aliyemwona mtoto wa miaka minne akiwa na visoda sita na kopo la maziwa hatashangazwa nao.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, alizungumzia hili katika mhadhara wake wa mwaka 1933 juu ya michezo ya watoto, kwa mfano wa kijiti kinachogeuka farasi. Katika mhadhara huohuo alisisitiza jambo ambalo wazazi hulisahau: mchezo wa kuigiza daima una kanuni. Mtoto anayejifanya mama anajibana kufanya yale tu ambayo mama hufanya. Tazama watoto wakijipikilisha uani. Mchanga ni ugali, majani ya mwembe ni mboga, na ole wake atakayekula kabla "baba" hajarudi kazini. Hakuna mtu mzima aliyewawekea kanuni hiyo.

Isisomeke hapa kwamba umaskini ni dawa ya watoto. Mama huyu angependa mwanawe awe na baiskeli, na kuna miezi ambayo nauli ya kliniki inapatikana kwa kukopa. Kukosa na kujiwekea kikomo havifanani hata kidogo. Aliyekosa hakuulizwa. Pale kibarazani watoto wanajua kuwa vifaa 60 vilikuwepo na vinaweza kurudi, na wao ndio wanaokataa. Mtoto wa jirani, mwenye bunduki na friji, alikuwa wa kwanza kukataa. Mjomba alipowauliza wiki ya tatu kama waongeze injini, alisema, "Ukiweka injini mimi sichezi. Sasa kiberiti changu kitakuwa cha nini?"

Na kwa mvulana wa sweta kulikuwa na kitu cha zaidi. Maisha yake yote mipaka ilikuwa yake peke yake. Huu wa vitu vitatu ulikuwa wa watu wote. Mtoto mwenye nguvu za kubeba ndoo mbili kutoka bombani naye alikuwa na vitatu, wala hakuna aliyemwonea huruma.

Firimbi

Firimbi ilikuwa na kanuni yake. Mwenye firimbi akiipuliza, mtumbwi unasimama palepale, popote ulipo. Hakuna anayeuliza kwa nini kabla haujasimama, hakuna anayeadhibiwa, na kila mmoja anapoteza zamu moja, sawa kwa sawa. Mjomba anakiri kwamba aliitunga kwa sababu alichoka watoto kupiga kelele wakitaka kwenda chooni.

Jumamosi ya nne walikuwa kati ya Nansio na Ukara. Unga ulikuwa umeisha, wavu ulikuwa umetoa samaki wawili na kopo la kutolea maji lilikuwa linapokezanwa. Mjomba alikuwa anaeleza mwamba uliojificha chini ya maji pale mtoto aliposema kwa sauti ndogo, "Firimbi."

Wakasimama. Wakasubiri aseme ameona nini.

"Miguu inauma," alisema. "Tangu jana."

Binti alidhani ni sehemu ya hadithi, akaanza kutafuta kipande cha blanketi. Mama yake hakudhani. Alikuwa ameshafika pale, kiganja kwenye paji la uso la mtoto. Kipimajoto kilisoma 38.6.

Hapa mzazi asome polepole. Kwa mtoto mwenye selimundu, homa si jambo la kusubiri hadi kesho au kumpa dawa ya kutuliza na kulala. Bandama yake haifanyi kazi yake vizuri ya kupambana na vijidudu, na maambukizi yanaweza kumzidi ndani ya saa chache. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Kubanwa kifua, kuhema kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, mdomo kwenda upande: yote hayo hayasubiri asubuhi.

Walichukua bajaji. Njiani mtoto aliomba maji mara mbili, jambo ambalo mama yake analikumbuka kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu kwa miaka miwili alikuwa anamlazimisha kunywa. Alilazwa siku tatu, akapewa maji ya dripu, dawa za maumivu na antibayotiki. Daktari alimwambia mama kwamba amemleta mapema. Hakumweleza daktari kuhusu firimbi. Angeanzia wapi?

Alichofanya ni kuuliza swali ambalo hakuwahi kuthubutu: je, mtoto anaweza kucheza mpira? Jibu lilikuwa ndiyo, tena kucheza kunamfaa, mradi apumzike anapochoka, anywe maji mara kwa mara, asicheze kwenye jua kali wala kwenye baridi, na aachwe aseme mwenyewe inapotosha. Hiyo ya mwisho mama aliirudia mara kadhaa alipokuwa akimsimulia jirani. Aachwe aseme mwenyewe.

Siku hizi chandimu ya upande wa Mirongo ina kanuni mpya, na imewekwa na wachezaji, ingawa ukichunguza utakuta mkono wa dada mtu. Wanacheza kuanzia saa kumi na nusu jua likipoa. Kila baada ya mabao mawili wote wanakunywa maji, hata asiye na kiu. Yeyote anaweza kusema "firimbi" na mpira unasimama. Mtoto wa jirani ameitumia mara nyingi kuliko mwenye selimundu, hasa timu yake ikiwa inafungwa, na suala hilo linazua ugomvi ambao haujapata suluhu.

Mambo hayakunyooka yote. Wiki mbili baadaye mvulana alisahau chupa yake ya maji shuleni siku mbili mfululizo, na mama yake alipandisha sauti kiasi cha majirani kusikia. Dawa yake ya kila siku, haidroksiurea, kuna asubuhi bado anaikimbia. Juzi mama alimkuta amekunja uso mezani, akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Akangoja. Baada ya muda mtoto akasema, "Kidogo. Namba tatu." Wamekubaliana kupima maumivu kwa namba za dadu.

Jumamosi aliporudi kutoka hospitali alikuwa amepungua, shingo nyembamba ndani ya sweta. Vipande vya boksi vilikuwa vimefungwa kwa mpira wa nywele na kuwekwa juu ya kabati, na kwenye daftari la Mjomba palikuwa na mstari mmoja tu wa wiki ile: mtumbwi umesimama, Nansio nyuma, Ukara mbele, unasubiri mwenye firimbi. Watoto walikataa kucheza bila yeye. Au karibu wakatae, maana alipofungua vipande vyake alikuta mtu amechora alama ya kalamu kwenye dumu la maji, ikionyesha kwamba limepungua hadi nusu.

"Nani kanywa?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Mdogo wao wa miaka sita alikuwa anatazama juu ya paa.